Kijana wa Chuo na Amana ya Maktaba



Kila mwaka, vyuo vikuu vifunguapo milango yao, mabasi yatokayo Nachingwea na Ruangwa huwachukua vijana wetu kwenda Dar es Salaam, Dodoma, Morogoro na Mtwara, kuanza mwaka wao wa kwanza wa masomo ya juu. Baba hukusanya nauli, mama hufunga mzigo, na dua husomwa mlangoni. Hayo yote ni mema. Walakini haupiti muda mrefu ila kijana aliyechukua somo la fasihi hupewa kazi ambayo hapana mtu aliyemtayarishia: huambiwa aingie maktaba, atafute utenzi au hadithi au mchezo wa kuigiza, achungue habari zake, kisha aandike maoni yake kwa hoja na ushahidi. Hapo ndipo wengi hukwama.

Hawakwami kwa uchache wa akili. Hukwama kwa sababu huko skuli walikotoka walifunzwa fasihi kwa muhtasari: maudhui ni haya, wahusika ni hawa, mafunzo ni haya. Wakahifadhi, wakajibu mtihani, wakafaulu. Sasa waambiwa watafute wao wenyewe, na hawajui mlango uko wapi. Mwenye haya hunyamaza, na mwenye haraka hunakili ya mwenzake akayaita yake.

Sisi ni walimu wa madrasa. Masomo yetu ya skuli yalikoma shule ya msingi, na yaliyosalia tumeyapata kwa masheikh na kwa vitabu. Hatujidai ubingwa wa vyuo vikuu. Lakini vijana hawa wamepita mikononi mwetu kabla ya kufika huko, na likizo ifikapo hurudi wakaketi nasi barazani wakatueleza yaliyowapata. Katika kuwasikiliza tumeona jambo moja, nalo ndilo tutakalo kulieleza leo: kazi hii wanayoiona ngeni si ngeni kwa mtoto wa Kiislamu. Ni ndugu ya kazi ya sanadi, aliyoisikia tangu utotoni.

SANADI NA UTAFITI

Mtoto wa madrasa ajua kwamba hadithi haipokelewi kwa kuwa ni tamu masikioni. Huulizwa: nani kaipokea? Kwa nani? Je, yule alikutana na huyu? Maneno yake yawafikiana na ya wapokezi wengine? Jabir bin Abdillahi, sahaba wa Mtume (s.a.w.), aliposikia kuwa kuna hadithi moja kwa Abdullahi bin Unais, alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham, ili aisikie kwa kinywa cha aliyeisikia kwa Mtume mwenyewe. Hakutosheka na kuambiwa.

Basi mwanafunzi aambiwapo na mwalimu wake wa chuo, "Taja umeyatoa wapi maneno haya, kitabu gani, mwaka gani, ukurasa gani," asidhani ni taabu iliyobuniwa na watu wa Ulaya ili kumchosha. Aulizwa sanadi yake. Na aambiwapo, "Usitegemee aliyesimulia habari za utenzi, usome utenzi wenyewe," aamriwa apande ngamia wa Jabir.

Tofauti iko, nasi hatuifichi. Elimu ya hadithi ina heshima yake na masharti yake, wala hatuilinganishi na uchunguzi wa mashairi ya watu. Tunalolinganisha ni adabu: kuhakikisha kabla ya kusema, na kumpa kila mwenye neno neno lake.

MFANO ULIO KARIBU NASI

Maneno matupu hayamfai mwanafunzi. Tuchukue mfano mmoja, tena wa kwetu kusini.

Katika miaka ya 1905 hadi 1907 nchi hii ya kusini iliwaka moto wa Vita vya Maji Maji. Wamwera nao waliingia katika vita hivyo. Habari zake zilitungiwa utenzi na mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini. Utenzi huo, Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, ulipigwa chapa Ujerumani mwaka 1933 katika jarida la wataalamu, pamoja na tafsiri ya Kijerumani ya A. Lorenz. Mwaka 1957 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliutoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na utangulizi wa tarikh ulioandikwa na Margaret Bates. Na mwaka 2007 mtaalamu wa Meksiko, José Arturo Saavedra Casco, alitoa kitabu kizima juu ya tenzi za vita za zama za Wajerumani, akiutazama huu pamoja na nyinginezo.

Tafakari, ewe msomaji. Mtu wa Meksiko alivuka bahari, akajifunza lugha yetu, akapekua maktaba, hata akayajua maneno ya mshairi wa Lindi. Waulize vijana wa Nachingwea na Ruangwa, wangapi wamelisikia jina la Abdul Karim bin Jamaliddini? Hatumwonei wivu mgeni kwa juhudi yake; mwenye kutafuta hupata. Lakini ni aibu kwa mwenye nyumba kuonyeshwa na mgeni kilichomo sandukuni mwake.

Sasa tuseme mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza ameuchagua utenzi huu. Afanyeje?

KWANZA SWALI, KISHA KITABU

Wengi huingia maktaba na jina la somo tu: "Nataka vitabu vya Maji Maji." Ataletewa rundo, naye atazama. Yafaa aingie na swali. Kwa mfano: mshairi huyu wa mji wa pwani awatazamaje watu wa bara waliopigana? Awaita nani? Awaonea huruma, awalaumu, au afanya yote mawili? Swali kama hili lina mipaka. Lamwambia asome nini na aache nini, na jibu lake haliko katika kitabu kimoja ili alinakili. Hana budi kulitafuta katika beti zenyewe.

Pili, ajue kutafuta jina. Hapa ndipo wengi hurudi mikono mitupu na kusema, "Hakuna kitu." Katika orodha ya maktaba huenda neno likaandikwa Maji-Maji, au Maji Maji, au Majimaji. Jina la mshairi huenda likawa Abdul Karim au Abdulkarim, Jamaliddini au Jamaluddin. Yule kiongozi wa Ngarambe huandikwa Kinjikitile katika vitabu vya tarikh, na Kinjeketile katika mchezo wa Ebrahim Hussein. Mwenye kutafuta kwa tahajia moja tu ni kama mwenye kubisha mlango mmoja katika nyumba ya milango minne.

Tatu, ajue vitabu hukaaje rafuni. Maktaba zitumiazo mpango wa Dewey huweka fasihi ya Kiswahili penye nambari 896.392. Zitumiazo mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani huiweka penye herufi PL na nambari 8704. Akiisha kulipata rafu, asichukue kitabu kimoja akakimbia. Atazame na jirani zake kulia na kushoto, kwani vilivyopangwa pamoja huwa vina udugu.

Nne, asimwogope mkutubi. Mkutubi ni mlinzi wa hazina na ufunguo u mkononi mwake. Amwendee kwa adabu, amweleze swali lake lote, si neno moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

NI MAKTABA ZIPI?

Nchi yetu si fukara wa jambo hili kama watu wadhaniavyo. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa mwaka 1967, nayo ina maktaba za mikoa chini yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961, kilipata jengo jipya la maktaba mwaka 2018, lenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Chuoni humo imo sehemu maalumu ya vitabu na hati za Afrika Mashariki, na imo hazina ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliikusanya kwa kuzunguka miji na vijiji vya pwani. Orodha yake ilipigwa chapa mjini Leiden mwaka 1970. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa, Kilimani. Na London, katika chuo cha SOAS, imo miswada mingi ya tenzi na mashairi, na baadhi yake imepigwa picha ikawekwa kwenye intaneti, hata kijana aliyeko Ruangwa aweza kuitazama bila kupanda ndege.

Mwanafunzi afunguapo miswada hiyo hukuta khati za Kiarabu zilizobeba lugha ya Kiswahili. Hapo wanafunzi wengi, hata wenye akili kali, husimama. Lakini kijana aliyesoma msahafu tangu utoto anazo herufi mkononi. Limsalialo ni kuzoea tu, kwani khati za kale hazikutenga kila sauti ya Kiswahili. Herufi ba yenye fataha, ikiandikwa mara mbili, yaweza kusomwa baba, au papa, au pamba, au bamba, na maana ya ubeti ndiyo iamuayo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yasingalitufikia kwa wingi wake lau Mwalimu Sikujua hangalisaidiana na W. E. Taylor kuyakusanya na kuyafasiri, ndipo W. Hichens akayapiga chapa mwaka 1940. Taylor alikuwa na karatasi na safari. Mwalimu Sikujua alikuwa na lugha na khati. Vijana wetu wajue ya kuwa elimu waliyoipata mkekani si mzigo wa kuacha kwenye lango la chuo kikuu. Ni ufunguo ambao wenzao wengi hawana.

KUSOMA NA KUANDIKA KUMBUKUMBU

Akiisha kuvipata vitabu, aanze na utenzi wenyewe, auusome mpaka mwisho kabla hajafungua maelezo ya mtu yeyote. Akianza na maelezo, atasoma kwa macho ya mwingine. Kisha asome utangulizi wa 1957, alinganishe na kitabu cha 2007, aone wataalamu wapi wawafikiana na wapi wahitilafiana.

Baadaye atazame na mashahidi wengine. Mwaka 1968 wanafunzi wa tarikh wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, walitumwa kwao vijijini wakati wa likizo, wakawahoji wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji, wakaandika. Wanafunzi hao walikuwa vijana kama hawa wetu. Mzee aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 walipomfikia. Lau wangalichelewa miaka ishirini, pasingalibaki wa kuulizwa. Leo hayupo hata mmoja, lakini maneno waliyoyaandika yamo maktaba. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akatoa mchezo wake Kinjeketile, naye mwenyewe akatahadharisha kwamba mtu wa mchezo ni kiumbe cha sanaa, si yule wa tarikh. Basi mwanafunzi ana mashahidi watatu juu ya jambo moja: mshairi wa Lindi, wazee wa vijijini, na mwandishi wa mchezo wa kuigiza. Kila mmoja ana sababu zake za kusema alivyosema. Kuwapambanua hao ndiko kuchungua fasihi.

Katika kusoma kwake awe na daftari, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Kila aandikapo neno, aandike kwanza jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Maneno ya mwandishi yenyewe ayatie katika alama za kunukuu. Maelezo aliyoyafupisha kwa lugha yake ayaandike mbali. Na fikira zake mwenyewe azitie alama nyingine, hata kwa wino wa rangi nyingine. Asiyetenga hivi, baada ya wiki tatu hatajua lipi lake na lipi la mtu, na ataiba bila kukusudia. Wanafunzi wengi waliohukumiwa kwa wizi wa maandishi walianza kwa daftari lililochanganyika.

SIMU NA AKILI MNEMBA

Hapana budi tulitaje hili, kwani limeingia hata vijijini. Kijana wa leo ana simu mfukoni, na katika simu mna programu za akili mnemba ambazo akiziuliza, "Nipe habari za utenzi wa Maji Maji," humwandikia kurasa tatu kwa kupepesa jicho. Hatusemi simu ni haramu. Tumekwisha kusema kwamba miswada ya mbali hutazamwa kwayo, na orodha za maktaba nyingi hutafutwa kwayo. Lakini programu hizi zimejulikana kutaja vitabu visivyokuwapo, kwa majina mazuri na miaka na kurasa, kana kwamba vimo rafuni. Huyo ni msimulizi asiye na sanadi. Na katika elimu yetu, mpokezi akijulikana kwa kubuni, hata la kweli lake hutiliwa shaka.

Kanuni ni moja: usiandike jina la kitabu usichokiona kwa macho yako, wala neno usilolikuta mahali pake. Simu na ikuonyeshe njia, lakini kufika ufike mwenyewe. Kijana aliyewasilisha orodha ya vitabu vya uongo hakumdanganya mwalimu peke yake. Ameila nauli ya baba yake bure, na kesho akiwa mwalimu atawalisha watoto wa watu chakula asichokijua kilipikwa wapi.

WALIMU WA VYUO NA WALIMU WA MADRASA

Kwa walimu wa vyuo tuna ombi. Mwanafunzi mgeni hatoshelezwi na kutembezwa maktaba saa moja na kuonyeshwa vyumba. Yafaa darasa zima lipewe kazi moja ya fasihi, kila kundi fungu lake: hawa watafute chapa zake zote, hawa habari za mtunzi, hawa waliyosema wataalamu, hawa maana ya maneno ya kale. Mkutubi na mwalimu wakae nao pamoja. Na kabla ya kuandika makala, wanafunzi waonyeshe madaftari yao ya kumbukumbu, ili kosa lisahihishwe likiwa bado changa. Twawaelekea hasa wakufunzi wa chuo cha ualimu kilichopo Nachingwea, kwani mwalimu mmoja aliyejua kutafuta hufunza mamia.

Nasi wa madrasa tuna sehemu yetu. Mtoto aimbapo kasida, tumuulize: umeipokea kwa nani? Naye kwa nani? Nani mtunzi wake? Aandike jibu. Katika likizo, vijana wa chuo na wawafunze wadogo zao kufanya hivyo hivyo kwa hadithi za bibi zao, za Kimwera, Kimakua, Kiyao na Kimakonde. Mambo ya kuchungua hayatupungukii. Nachingwea ilipata mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza yaliyoanzishwa mwaka 1947, na reli kutoka Mtwara iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipata pia kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Nyimbo gani ziliimbwa katika mashamba yale? Visa gani vilisimuliwa? Waliovisikia wako hai, lakini si kwa muda mrefu.

NENO KWA WAZAZI

Baadhi ya wazee huuliza: "Tumeuza korosho na ufuta ili mtoto akasome mashairi?" Swali lao si la ujinga, kwani fedha ni ngumu. Jibu letu ni hili. Kijana aliyefunzwa kuuliza swali, kutafuta ushahidi, kupima maneno ya watu wawili waliohitilafiana, na kumpa kila mtu haki yake, huyo hafai katika fasihi peke yake. Atafaa mahakamani, skulini, katika halmashauri, na katika nyumba yake mwenyewe siku fitina itakapobisha hodi.

Tena kuna jambo ambalo mzazi aweza kulifanya leo, bila senti moja. Katika nyumba nyingi za wilaya zetu mbili kuna sanduku au mkoba wa marehemu babu: khutba, maulidi, tenzi, barua, zote kwa khati ya mkono. Mchwa na unyevu havingoji. Msizichome kwa kudhani ni karatasi kuukuu, wala msizitoe kwa mpita njia. Zitieni mahali pakavu, mbali na jiko, na kijana wenu arudipo likizo, mwacheni azifungue mbele yenu, azipige picha moja moja, aandike ni za nani na zimefikaje nyumbani. Asili na ibaki mikononi mwa wenyewe. Akifanya hivyo atakuwa amefanya katika chumba cha babu yake kile kile anachofunzwa katika maktaba ya mji mkuu.

Waliotangulia walituachia maneno, na kila neno ni amana. Mwenye kulipoteza na mwenye kulibadili watabeba hesabu yake. Twamuomba Mwenyezi Mungu awaongoze vijana wetu katika njia ya kuhakikisha, awape subira ya kutafuta na ukweli wa kunakili, na awarudishe kwetu na elimu yenye manufaa.

Wa billahi tawfiq.